Kishimo cha Shavuni

Dada mtu alipoipanua kalibu ya mpira aliyomiminia plasta, mtu mdogo alitoka na tundu shavuni. Povu la hewa lilikuwa limenasa wakati wa kumimina. Akamshika kwa vidole viwili, akamsogeza karibu na dirisha.

"Kishimo chake kilikuwa kwenye shavu lipi?" akauliza.

Mdogo wake, aliyekuwa akiosha vikombe, hakugeuka. "La kushoto. Shemeji alipocheka, mimi ndiye niliyekaa upande huo."

"Basi povu limejua kuliko mimi."

Mdogo mtu akacheka kidogo. Kwenye rafu walisimama wengine kumi na wanane, kila mmoja urefu wa kidole cha kati: shemeji na mwavuli, shemeji na redio sikioni, shemeji akicheza jikoni na ufagio. Sura moja tu, mara kumi na nane. Dada yake alikuwa ametumia nusu ya maisha yake katika karakana ya meno ya bandia, na mkono wake haukukosea.

"Dada, tangu mazishi ni miaka saba. Majirani wanasema unaongea na wanasesere."

"Waache waseme. Angalau hawa wananisikiliza."

"Njoo ukae kwangu. Chumba kipo, watoto watakuchangamsha. Nyumba hii itakumaliza."

"Siwezi kumwacha."

"Huyo unayemtengeneza hayupo tena. Unalijua hilo."

"Nalijua." Akachukua wembe, akaanza kukwangua mshono ulioachwa na kalibu ubavuni. "Ndiyo maana namtengeneza."

Mdogo mtu akapangusa mikono, akamshika dada yake bega kwa muda mrefu kuliko kawaida, akaenda zake.

Dada akabaki na kazi yake. Akapaka nywele rangi nyeusi, zisizo na mvi hata moja, na shati rangi ya samawati, lile alilopenda kulivaa siku za mapumziko. Alipofika kwenye mdomo akasita. Akajaribu kukumbuka jinsi mumewe alivyokuwa akimwita kwa jina, akivuta ile silabi ya mwisho kwa utani. Sauti ilimjia nusunusu, ikapotea. Akaimaliza midomo kwa unywele mmoja wa brashi, akamsimamisha rafuni akauke.

Jua lilipoinama akapasha chakula. Akapakua sahani mbili, kama kila siku, ya pili akaifunika. Akaketi kula peke yake.

Ufunguo ukazunguka mlangoni. Mumewe akaingia, kichwa kimejaa mvi, akavua viatu, akachukua sahani yake bila kumtazama, akaenda nayo katika chumba kilichokuwa cha binti yao kabla hawajamzika, akafunga mlango.