Nambari ya Chai ya Ogari

"Mkulima akifa," fundi wa kompyuta aliuliza, "nambari yake ya chai apewe nani?"

Alikuwa ametoka Nairobi mwaka wa 1974 kuipangia kamati yetu ya chai pale Ikonge mashine ya malipo ya wakulima. Yeye alisema Kiingereza, mwenyekiti Ekegusii. Mimi, karani, nilikuwa mkalimani wao.

Nilipomfikishia swali, mwenyekiti alicheka.

"Apewe ndugu yake, nani mwingine? Wewe mwenyewe, mwanangu, tangu tumzike ndugu yako Ogari, ile chai si yako? Mwanamke atachuma, wewe utapokea pesa."

Wazee wa kamati wakacheka naye.

Kupitia dirishani nilimwona mke wa marehemu ndugu yangu akishusha kikapu kwenye mizani. Kichwa chake kilichonyolewa wakati wa matanga kilikuwa kimeanza kuota nywele, na kamba ya kikapu ilikuwa imezilaza juu ya paji la uso. Watoto wake walikula kutokana na kikapu hicho.

"Amesema nini?" Fundi aliinua penseli. "Fikiri vizuri. Nikishaandika, mashine haitamwuliza mtu tena. Itakuwa hivyo kwa wakulima wote."

Mwenyekiti alinitazama, bado akitabasamu.

"Amesema apewe mjane," nilimwambia fundi.

Penseli ilishuka, ikaandika, ikasimama.

"Na hawa wengine wanakubali?"

Niliwageukia wazee, nikawauliza kwa Ekegusii kama wanakubaliana na mwenyekiti.

Mikono yote ikainuka.