Mkanda wa Mchanga

Kifaa cha kupandia juu ya miti hakishiki kamba ukiwa chini ya kilo sitini. Ukipungua siku tatu mfululizo, chenyewe kinatuma taarifa, jina lako linafutwa, na nyumba ya kampuni mnahama. Ndiyo sheria, na huku Lushoto kila mkata matawi anaijua.

Mume wangu Shekalaghe anaumwa tumbo tangu mvua za vuli. Mwanzo alijaribu kukidanganya kifaa. Alilegeza springi, akasugua meno ya kifaa kwa tupa, kisha akajining'iniza nacho kwenye boriti ya jikoni kukijaribu. Kamba ikateleza, akaangukia mafiga.

"Kifaa hakina kosa, Mama Singano," akaniambia huku akijipangusa majivu. "Tumrekebishe mtu."

Nikamshonea mkanda wa turubai wa kuvaa ndani ya ovaroli, nikautia mchanga. Tangu hapo, kila asubuhi namfunga mkanda, tunajaribu kwenye boriti ileile kabla hajaenda kazini.

Leo alipokunja miguu, kamba ilikaza. Kifaa kikasema kwa ile sauti yake ya upole: "Umenawiri, Shekalaghe. Hongera."

Akacheka mpaka akakohoa. "Umesikia? Mkanda una makopo mangapi ya mchanga sasa?"

"Matatu, Baba Singano. Yaleyale ya wiki iliyopita."

"Ndiyo maana leo najisikia mzito," akasema. "Napata nafuu."

Akaomba uji. Nikageukia sufuria asinione uso. Nilikuwa nimetia saba.