Rejista ya Nyumba Yetu

Nyumbani kwetu msimulizi ni mimi, na kazi naijua. Sheria inataka kila mtu aishi kama msimulizi wa nyumba yake alivyomwandika kwenye rejista ya mtaa. Mume wangu, Shaweji, nilimwandika mhusika bapa siku ileile aliyoacha pombe, asije akabadilika tena. Hajabadilika. Miaka tisa sasa, kila jioni analeta mkate na kusema, "Chai yako tamu, Mama Salha." Leo sukari imekwisha, na bado amesema hivyo hivyo.

Binti yetu Salha ametimiza miaka kumi na minane, kwa hiyo usimulizi unahamia kwake. Ameshika kalamu, ananitazama kwa upole.

"Mama, nakupenda hivyo hivyo ulivyo. Nikuandike kama Baba?"