Damu ya Dereva

Jemutai alikuwa akipaka rangi chembe za damu kwenye picha ya hadubini, kijani kwa zilizo nzima na nyekundu kwa zenye kasoro, mkono wake ulipokataa kusonga.

Programu ya kompyuta aliyoitumia ilikuwa ya bure na wazi kwa wote. Kila alichopaka pale kwenye maabara ya Nakuru kilionekana papo hapo na watafiti wa nchi nyingine. Wiki hiyo walihitaji damu ya watu wenye afya, na dereva wa mradi wao wa utafiti alikuwa wa kwanza kujitolea. Sasa alikuwa amesimama nyuma yake.

"Hiyo ndiyo yangu?"

"Ndiyo, mzee."

"Iko sawa?"

Chembe nyeupe zilikuwa nyingi mno, kubwa, kila moja imejaa kiini cha zambarau hadi ukingoni, kama zile za saratani ya damu. Jemutai aliikuza picha, akaipunguza, akaikuza tena. Alichagua kijani, akaghairi.

"Mzee, siku hizi unachoka?"

"Nani hachoki? Juzi nimelala Mai Mahiu mchana, ndani ya gari, mpaka polisi akanigongea dirisha." Akacheka. "Wacha niende, wageni wananingoja Naivasha."

Jemutai alisogeza mkono kwenye nyekundu. Mguso mmoja tu, na watu wa mbali wangejua kabla ya mwenye damu.

Aliiacha picha bila rangi, akainuka, akafunga mlango.

"Wageni watangoja," alisema, akimvutia kiti. "Keti kwanza."