Hamna Kitu

Mwaka sabini na nane, baada ya kutolewa ovari, mifuko ya mayai ya uzazi, na kuchomwa sindano za saratani mpaka kichwa kikabaki upara, Kalista alipasuliwa tena, madaktari waangalie kama ugonjwa umebaki.

Alipozinduka, mumewe na mama mkwe walikuwa wameketi kando ya kitanda. Kapu la mchele wa Ubaruku waliloleta lilikuwa sakafuni.

Daktari akaja akitabasamu. "Mama, tumetazama tumbo lote. Hamna kitu."

Kalista akaupapasa mshono taratibu, kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala.

Mama mkwe akamgeukia mwanawe. "Umesikia kwa masikio yako, baba. Hamna kitu humo. Twende."

Mume akanyanyuka, akamfuata mama yake. Mlangoni akasita, akarudi. Kalista akamnyooshea mkono.

Akainama, akachukua kapu.