Mchoraji na Bwana Misitu

Vifungo vya blauzi ya mkewe vilikuwa vimepishana, cha juu kimeingia tundu la chini.

Fundi saa aliviona tangu mlangoni, akaduwaa. Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Mwanamke anatoka nyumbani na rangi zake za maji, anasema anakwenda kuchora mto na miti, jioni anarudi kama mtu aliyevaa mbiombio.

"Umechelewa."

"Mwanga ulikuwa mzuri, baba watoto," alijibu, akapita huku ameshika ukuta kama aliyechoka.

Miaka ishirini na sita ya ndoa, na sasa moyo ulimwenda mbio kama wa kijana anayenyang'anywa mchumba. Alimpenda. Alikuwa hajamwambia siku nyingi, lakini alimpenda, na wazo la kumpoteza lilimkosesha hata hamu ya kula.

Jirani yake dukani, mshona viatu, hakumsaidia.

"Fundi, mapenzi na kikohozi havifichiki. Yule bwana misitu mstaafu namwona kila siku anambebea mkoba, kamshika na mkono. Wewe endelea tu kuchungulia saa za watu!"

Basi kila kitu kikawa dalili. Binti yao alipozipanga upya tyubu za rangi, kwa nia njema tu, mama yake alimfokea hadi akalia. Anaficha nini humo? Na ile tabia ya kukaa dirishani kila asubuhi na kuuliza, "Mawingu yakoje leo?" Anapanga miadi, huyo! Fundi alikuwa akimjibu bila kuinua kichwa kwenye saa: "Si uangalie mwenyewe."

Zamani mkewe alikuwa akimbembeleza: "Twende wote siku moja. Ukae tu karibu yangu." Yeye siku zote alikuwa na kazi.

Alhamisi alifunga duka saa nne, akavaa koti lake jeusi la heshima, maana mwenye mke haendi kudai chake kwa ndala. Akamfuata.

Aliwakuta kwenye maporomoko madogo, ambako kelele za maji zilizima hatua zake. Mkewe alikuwa kwenye kigoda, karatasi mapajani. Bwana misitu alikaa naye bega kwa bega, mdomo sikioni. Alisema kitu, mkewe akacheka, kicheko ambacho nyumbani hakijasikika tangu mwaka jana. Kisha yule mzee akamshika kiganja, akakisogeza taratibu.

Damu ilimchemka fundi. Alitoka vichakani, akasimama wima mbele yao, hatua kumi tu.

Bwana misitu alimwona. Akanyamaza, mdomo wazi.

Mkewe aliinua uso. Alimtazama mumewe moja kwa moja, bila haya, bila hata kushtuka, akitabasamu huku anachovya brashi.

"Mbona umenyamaza, bwana misitu? Pale mbele kuna kitu cheusi kimesimama, jana hakikuwepo. Ni mti gani huo?"