Mzee Luhaga Hajatoa Upepo

“Mzee, umetoa upepo?”

“Bado,” alijibu Mzee Luhaga, akiutazama ukuta.

Dokta Nestory alilibonyeza tumbo lake taratibu. Lilikuwa limejaa. Wiki ilikuwa inakwisha tangu aitoe kansa iliyokuwa karibu na njia ya haja kubwa, kisha akauunganisha utumbo. Alikuwa ameeleza mapema: utumbo ukianza kupona, upepo hutoka. Usipotoka, huenda pale ulipounganishwa pameziba au panavuja, na uchafu ukimwagika tumboni, mtu hadumu. Mpaka utoke, mgonjwa hali kitu.

Rebeka, mke wa mwanawe, alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda. Mgongo ulimuuma. Mumewe, Mashimba, asingeweza kuja. Kiwanda chao cha Nyakato kilikuwa kimeuzwa, tajiri mpya anapunguza watu, na asiyeonekana kwenye zamu alikuwa wa kwanza kupunguzwa. “Kaa na baba,” alimwambia mkewe. “Asibaki peke yake hata kidogo.”

Naye alikaa. Daktari akipita, ndugu wote hutolewa nje, lakini Rebeka aliwalilia manesi mpaka wakamwacha. Akienda msalani, alikwenda mbio na kurudi mbio.

Mzee hakumsumbua. Akitaka kugeuzwa alimwita nesi. Akitaka shuka alimwambia nesi. Usiku tu ndipo alipomtia hofu, kwa kukohoa kwa nguvu huku ameushika mshono. Rebeka aliamka kila mara, akaenda kumwombea dawa ya kifua.

Yahaya, mwenye duka la vitambaa, aliyelala kitanda cha pili, alijaribu kumchangamsha.

“Mzee, nchi nzima inangoja matokeo ya kura, sisi humu tunangoja yako. Usituchakachulie.”

Wodi ikacheka. Mzee Luhaga akajifunika shuka mpaka kichwani.

Rebeka hakucheka. Kitanda cha dirishani kilikuwa kimetandikwa upya asubuhi hiyo. Aliyekuwa amelala pale naye aliunganishwa utumbo, ukavuja, wakampasua mara ya pili. Hakuamka.

Mchana Dokta Nestory alirudi, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

“Mzee, hata kidogo?”

Mzee alimtazama daktari, akatazama sakafuni alipokaa Rebeka, akafumba macho.

“Bado.”

Daktari alishusha pumzi. “Tumbo halijapungua, na kikohozi hiki kitafumua nyuzi. Yule wa dirishani nilimchelewea. Huyu tunamfungua leo.”

“Ataamka?” Rebeka aliuliza.

“Sijui, mama. Umri umekwenda, na hajala. Lakini wewe umemtunza. Laiti kila mgonjwa angekuwa na mtu kama wewe.”

Wakamhamishia kwenye kitanda cha magurudumu. Rebeka alitembea kando, ameshika chuma chake, akiomba kwa Kisukuma kwa sauti ya chini. Mlangoni pa chumba cha upasuaji nesi alimzuia.

“Mwisho wako hapa, dada.”

“Nitakaa pembeni tu. Sitamgusa mtu.”

“Haiwezekani.”

“Nilimwahidi mume wangu.”

Nesi aliuondoa mkono wake kwenye chuma, kidole kimoja kimoja, kwa upole. Mlango ukafungwa.

Ndani, Mzee Luhaga aliinua kichwa kwa shida. Aliuangalia mlango mpaka akahakikisha kwamba umefungika, kisha akamshika daktari mkono.

“Usinipasue, mwanangu,” alinong'ona. “Upepo unatoka tangu juzi. Ningesemaje, na mkwe wangu amekaa pale?”